Milivolti tisa zilizokataa kurudi

Julai 2016 iliingia mezani kwangu, kutengenezwa, amplifaya ya kwaya ya kanisa moja nje ya Singida, mahali ambapo umeme wote ulikuwa betri moja ya 100 Ah na inveta. Sauti ilikuwa safi. Tatizo lilikuwa betri: mashine inakaa imewashwa kwa muda wa saa sita, kati ya hizo inapiga kama saa mbili tu, na betri inakata roho kabla ya baraka ya mwisho.

Transfoma ilikuwa ya volti 36-0-36, ukishanyoosha AC kuwa DC unapata kama ±50 V. Kila chaneli ilikuwa na jozi tatu za transista za kutolea sauti, 2SC5200 na 2SA1943, kila emita (mguu wa kutolea mkondo) na rizista yake ya 0.22 Ω. Aliyeiunda aliweka bayasi, yaani mkondo unaopita kwenye transista hata bila sauti, ya 100 mA kwa jozi, wala hakukosea: kwa 0.22 Ω, hapo ndipo mkwaruzo wa wimbi linapovuka sifuri unakuwa mdogo kabisa. Lakini 100 V (kutoka +50 hadi -50) mara 0.1 A mara jozi tatu ni wati 30, chaneli mbili wati 60, zinaliwa spika zikiwa kimya. Ukishusha hadi 20 mA zinabaki wati 12. Tofauti ya wati 48 ni ampea 4 kutoka betri ya 12 V, kabla hujahesabu inveta inachokula. Saa nne za ukimya ni 16 Ah.

Ndipo nikaamua kuweka bayasi inayopanda na kushuka kwa kufuata sauti. Wazo si langu. Nelson Pass wa Marekani alilitumia kwenye amplifaya za Threshold miaka ya 1970, na Wajapani kina Technics na Pioneer wakaja na namna zao. Wao walitaka transista isizimike kabisa katikati ya wimbi. Mimi nilikuwa nahangaikia betri tu.

Bodi ya zamani njia zake zilikuwa zimeungua, nikachora mpya. Bayasi inashikwa na transista ndogo, BD139: rizista ya 2.2 kΩ kati ya miguu yake ya kolekta na beisi, kisha 470 Ω mfululizo na trima (rizista ya kuzungusha) ya 500 Ω kati ya beisi na emita. Hapo unapata kama 2.4 V, za kutosha makutano manne ya beisi na emita: mawili ya draiva (transista zinazosukuma zile za kutolea) na mawili ya transista za kutolea. Trima lazima ikae upande wa beisi na emita. Vumbi likiingia mguu wake wa kati ukaachia, bayasi inashuka na unasikia mkwaruzo tu. Ukiiweka upande wa kolekta, ikiachia, bayasi inaruka juu na transista zote sita zinakwenda na maji.

Sehemu ya kupandisha ni optokapla ya PC817, kifuko chenye LED na transista vinavyowasiliana kwa mwanga tu bila kuunganishwa kwa waya, niliyoinyofoa kwenye powasaplai ya TV mbovu. Inafaa kwa sababu BD139 inaogelea juu na chini pamoja na sauti, na optokapla haijali. Transista yake, mfululizo na 10 kΩ, inakaa sambamba na beisi na emita ya BD139. Ikiwaka yote, bayasi inaongezeka kama 130 mV, na jozi inapanda kutoka 20 mA hadi karibu 100. Hiyo 10 kΩ ndiyo ukuta: hata LED iwake vipi, haipiti hapo. LED inalishwa kutoka waya wa spika: rizista, dayodi UF4007, kapasita ya 100 µF 50 V, kisha 4.7 kΩ. Rizista ya kwanza niliweka 2.2 kΩ, ikawa kosa, kwa sababu kapasita ilijaa polepole na noti za mwanzo za kinanda zikatoka na kikohozi. Nikaweka 100 Ω, kikaisha. Muziki ukikatika, LED inazimika baada ya kama sekunde mbili.

Nikawasha kwa balbu ya wati 100 mfululizo ya kubana mkondo kama kuna kosa, nikaweka mita kutoka emita hadi emita ya jozi moja. Kupitia rizista mbili, yaani 0.44 Ω, 20 mA ni milivolti 9. Nikatoa balbu, nikapiga muziki nusu saa, nikazima muziki na kusubiri. Nilitegemea 9. Mita ikasema 46. Nikatazama: 47, 48. Jozi ya tatu ilikuwa 63 na inapanda. Hitisinki, lile bati la kupoozea transista, haikushikika zaidi ya kuhesabu tatu. Nikazima swichi ya ukutani.

Nilianza kwa kumshuku optokapla. Nikamng'oa mguu, nikarudia. Kupanda kulikuwa kulekule. Hapo nikaona upuuzi wangu: kwenye bodi mpya, BD139 na draiva zilikaa mbali na hitisinki. Kila nyuzi moja ya joto inapunguza volti ya beisi na emita kwa kama milivolti 2. Hitisinki ikipanda nyuzi 30, transista mbili za jozi zinapoteza 120 mV, karibu sawasawa na kile optokapla inaongeza, ila joto halina ukuta. Vikikutana vyote viwili unafika robo ya ampea kwa jozi.

Nikaifunga BD139 kwenye hitisinki kwa mika na grizi nyeupe, katikati ya jozi ya pili, waya tatu zilizosokotwa zisizozidi sentimita 10, na 100 nF kati ya kolekta na emita isije ikaanza kupiga mluzi. Safari hii baada ya nusu saa mita ilisoma 1! BD139 ilikuwa inafidia makutano manne, wakati yaliyopata moto ni mawili tu. Nikahamisha na draiva kwenye hitisinki ileile. Nusu saa nyingine, muziki ukazimwa: 11, kisha 10.

Ile jozi ya tatu niliibadilisha kwa transista zilizokaribiana na nyingine kwenye kipimo cha dayodi cha mita. Trima nikaiziba kwa rangi ya kucha.