Bodaboda Inasubiri, Dokta Anasoma Kigae

Bei ya bodaboda kutoka Sembabule hadi eneo la kale la Ntusi, Uganda, ilipanda mara mbili kabla hatujawasha pikipiki, na mlipaji nilikuwa mimi. Nilimsindikiza mwanaakiolojia wa vyungu, mama wa makamo kutoka Dar es Salaam. Kampala nairuka: foleni, vumbi, na chumba kisicho na maji kwa bei ya chumba chenye maji.

Nilitarajia magofu. Nikakuta malisho ya ng'ombe na vilima viwili, kimoja huitwa cha kiume, kingine cha kike. Kumbe ni majalala ya watu walioishi hapo kati ya karne ya 11 na ya 15: mifupa ya ng'ombe na vigae vya vyungu, basi.

Dokta akachuchumaa. Hakuinuka.

"Mama, unatafuta dhahabu?" kijana wa bodaboda akauliza.

"Namtafuta mfinyanzi, mwanangu."

Akakiinamisha kigae mpaka jua likakipiga ubavuni, vishimo vidogo vikajitokeza kwa safu. Kamba iliyosokotwa, akasema, imeviringishwa juu ya udongo ungali mbichi. Kipande cha mdomo wa chungu, hata kikiwa kidogo, mkunjo wake unakupa upana wa mdomo mzima. Masizi ya nje yanakuambia kilikaa jikoni. Wingu lilikuwa linajikusanya, naye anapima unene wa kigae!

Alinisimulia habari za Merrick Posnansky, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda kuanzia 1958, akachimba eneo jingine la kale, Bigo, mwaka 1960, penye mahandaki ya zaidi ya kilomita 10 karibu na mto Katonga. Nikajisemea: huyo hakutozwa pesa ya kusubiri.

Lakini nilipotajiwa vyungu vya mtindo wa kale uitwao Urewe, vya zaidi ya miaka 2,000, vyenye kijishimo kitakoni, nikanyamaza. Vimepatikana hata kwetu Kagera. Bibi yangu alikuwa na mtungi wa maji wa baridi nzuri. Ndoo za plastiki zilipoingia, tuliutupa nyuma ya migomba, wala hakuna aliyeuliza aliyeufinyanga.

Nilipogeuka, kijana naye kachuchumaa. Akaleta kigae chake.

"Na hiki, mama?"

"Hiki ni cha bega la chungu. Umeona mistari inapoishia?"

Wakabishana kwa muda, Kiswahili kwa Kiganda. Kisha Dokta akamwamuru akirudishe pale pale alipokiokota, maana kuondoka nacho bila kibali ni kosa. Akakirudisha.

Mvua ikatukuta njiani. Tulipofika, pesa ya kusubiri aliidai yote, na ya mvua juu.