Nilienda London kusalimia, nikaishia kwa Faraday

Jamani mie London nilienda kumsalimia dada, mambo ya sayansi hayakuwepo kabisa kwenye ratiba. Sasa pale Elephant and Castle, jirani na wanapokaa, kuna boksi kubwa la chuma linang'aaa, nikajua choo cha jiji (msinicheke), shemeji akasema hapana bwana, hiyo kumbukumbu ya Michael Faraday, yule mwanasayansi wa umeme, kazaliwa maeneo hayahaya 1791, baba yake mhunzi, na humo ndani kuna mitambo ya umeme wa treni za chini ya ardhi.

Mie kazi yangu kusuka mota zilizoungua. Nikamwambia shemeji, kesho nipeleke alipofanyia kazi huyo mzee.

Tukashukia Piccadilly Circus, tukatembea hadi Albemarle Street, Royal Institution, taasisi ya sayansi, jengo lina minguzo mirefu mbele. Makumbusho iko chini, bure.

Nikaikuta transfoma ya kwanza. Pete ya chuma, upana kama sentimita 15, imesukwa waya za shaba pande mbili. Enzi hizo hakuna waya wa vanishi ya kuzuia shoti, kwa hiyo kila raundi Faraday katenganisha kwa uzi, kila leya kitambaa, mie nina waya wa dukani na bado nashotisha! Agosti 29, 1831 upande mmoja akaunga betri, upande wa pili akaweka sindano ya sumaku. Akiunga, sindano inaruka halafu inarudi, akichomoa inaruka tena kwa kule kwingine, ila hapo katikati umeme unapita na sindano imetulia tuli. Yaani umeme wa betri unaigeuza pete kuwa sumaku, ila sumaku kuwepo haitoshi, lazima ibadilike ndo upande wa pili upate umeme. Wateja nawaambiaga kila siku transfoma haifanyi kazi na betri ya gari mtaiunguza bure, wananibishia, kumbe jibu lipo toka 1831.

Na shule hakusoma sana, alikuwa anajalidi vitabu vya watu huku anavisoma. 1812 akaenda kumsikiliza Humphry Davy, mwanakemia wa Royal Institution, akaandika yote, akajalidi mwenyewe akamtumia, mwaka uliofuata akapewa kazi palepale, saidia fundi kama sisi tulivyoanza.

Nilikaa mbele ya kile kioo mpaka shemeji akaenda kutafuta chai.

Jioni dada ananiuliza siku nzima mlikuwa wapi, nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaivuta karibu, akaitazama weee.

"Mdogo wangu, si ngata hii ya kubebea ndoo?"