Leo nimeuona moyo kwa hadubini
Leo maabara nimeinamia hadubini mpaka shingo ikauma, na sijutii. Mwalimu alitupa slaidi ya misuli ya moyo wa binadamu, imetiwa rangi ya hematoksilini na eosini: nyama waridi, viini zambarau.

Nilizoea misuli ya mifupa, ile ya nyuzi ndefu zilizonyooka, viini vingi vimesukumwa pembeni. Hii ni tofauti kabisa. Seli ni fupi, kama sehemu ya kumi ya milimita tu, zina matawi na zimeshikana na jirani zake kama wavu wa mvuvi. Kiini kiko katikati, mara nyingi kimoja. Ukitulia, ukalenga polepole, unaona michirizi myembamba, halafu ghafla mstari mweusi zaidi umekatiza kwa ngazi ngazi.

Hapo nikaita wenzangu! Mistari hiyo ndiyo maungio ya seli na seli. Pana vifungo vinavyozishika zisiachane moyo unapokaza, na vijitundu vya kupitisha umeme, ndiyo maana zote hukaza kwa pamoja. Mitokondria, yaani vinu vidogo vya nishati ndani ya seli, zimejaa tele humo, maana moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku.

Bibi yangu alifariki kwa shambulio la moyo. Slaidi ya pili ilikuwa na kovu: seli hakuna, ni nyuzi za kolajeni tu, ile protini ngumu ya makovu, zimelala. Seli za moyo zikifa, ni chache mno zinazozaliwa upya. Hiyo nimeitazama muda mrefu kuliko ya kwanza.