Je, Mtoto Alilia?

Mwaka 2002 nilikuwa mhoji Rufiji, nina baiskeli ya mradi na mkoba wa fomu. Kila baada ya miezi minne wenzangu walipita nyumba kwa nyumba kuhesabu watu: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Palipokuwa na kifo nilifuata mimi, arobaini ikishapita, kuuliza marehemu aliugua vipi. Vifo vingi vilitokea nyumbani bila daktari kuviona. Maneno ya wafiwa ndiyo waliyosoma madaktari wawili, kila mmoja peke yake, wakaandika sababu ya kifo. Wakipingana, alitafutwa wa tatu.

Fomu zilikuwa tatu. Niliyoichukia ni ya wachanga, chini ya siku 31.

Siku hiyo nilikuwa kijiji kimoja upande wa Ikwiriri. Nilikaribishwa mkekani chini ya mwembe na mama kijana aliyefiwa. Pembeni mama yake mzazi, ambaye ndiye aliyemzalisha, akipepeta mchele. Jina la marehemu nikaliacha wazi, hakupewa. Mimba ilikuwa ya miezi mingapi? Uchungu ulikaa muda gani? Alijibu yote kwa sauti ya chini.

"Je, mtoto alilia baada ya kuzaliwa?"

"Hakulia. Alizaliwa mfu."

Swali hilo lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana. Watafiti Christopher Murray na Alan Lopez walipopima mzigo wa maradhi duniani kwa mwaka 1990, yaani miaka ya uhai inayopotea kwa maradhi na vifo, aliyezaliwa mfu hakuingia hesabuni. Aliyevuta pumzi kidogo kisha akafa aliingia, na miaka aliyoikosa ikapimwa kwa umri wa miaka 80 kwa mwanamume na 82.5 kwa mwanamke. Tulipoelezwa hayo kwenye semina ya mafunzo, wenzangu waliguna. Mimi sikushangaa, maana mashehe wetu nao huuliza vivyo hivyo: aliyelia husaliwa, asiyeonyesha uhai huzikwa bila sala ya jeneza.

"Hata kupumua?" nikaendelea, fomu ilitaka hivyo. "Au kujitikisa?"

Mama akatikisa kichwa. Ungo wa bibi ukasimama.

"Tumbo lilipanda," bibi akasema. "Likashuka. Mara tatu, nne hivi. Wewe ulikuwa umezimia, mwanangu."

Mafunzo yalitukataza kumwongoza mtoa taarifa, na mfiwa akilia tulitakiwa kumsubiri. Ya mfiwa kupata habari kutoka kwenye swali letu hayakuwamo. Nilibaki nimeshika kalamu, natazama kuku.

"Alipumua, mama?"

"Nilifikiri mfu atakuuma kidogo kuliko aliyekuwa hai."

"Basi hakusaliwa."

Bibi hakujibu. Akarudi kwenye mchele wake, lakini hakuwa akipepeta, alikuwa akiutikisa tu ungo.

Kwenye kulia nikaweka "Hapana", kwenye kupumua "Ndiyo". Maswali yaliyobaki nikayauliza haraka, mengine nusunusu. Msimamizi alinigombeza baadaye, na haki yake. Nikatoa pole, nikashikana nao mikono.

Nilikuwa nimeshaiegemua baiskeli kwenye mti mama aliponiita. Akauliza kama pale juu, penye jina, bado pana nafasi. Nikamwambia ipo. Akalitaja, taratibu, silabi kwa silabi, nikaliandika kwa herufi kubwa kama fomu ilivyoagiza.