Mwalimu Aliyeshuka Nyumbani kwa Mfinyanzi

Wapendwa katika Bwana, somo letu la juma hili ni Yeremia 18, nami ningeomba tusiikimbilie aya ya nne, ile ya chombo kuharibika mkononi, kama tulivyozoea. Tukae kidogo kwenye aya ya pili. Nabii, ambaye kazi yake ni kulifundisha taifa, anaambiwa aondoke ashuke hadi nyumba ya mfinyanzi, na kwamba huko ndiko atakakosikizishwa neno.

Nilipoisoma nilimkumbuka mfinyanzi Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1950, aliyeanzia kwenye sanaa ya matangazo kabla ya kwenda kusoma Uingereza. Mwaka 1974, kwa ushauri wa Michael Cardew, Mwingereza aliyeanzisha kituo cha ufinyanzi cha Abuja ya zamani, ambayo leo ni Suleja, alisafiri hadi Nigeria. Waliomfundisha huko walikuwa wanawake wa Kigwari, akiwamo Ladi Kwali, ambaye picha yake imo katika noti ya naira 20. Hawakuhitaji gurudumu: mtungi ulitulia mahali pake, na mama ndiye aliyeuzunguka kwa miguu, akipandisha udongo uliosokotwa kama kamba, pindi juu ya pindi, huku akiukwangua kuta zake ziwe nyembamba. Mwanafunzi wa chuo alijifunza kwa akina mama wa kijijini.

Kuanzia mwaka 1976 hadi 1979 alikuwa akifundisha katika Commonwealth Institute jijini London, na kisha (hapa ndipo ninapompendea) mwalimu huyo akarudi kuwa mwanafunzi katika Royal College of Art, akahitimu mwaka 1982. Vyombo vyake bado hufinyangwa kwa mkono, hukwanguliwa kwa kipande cha kibuyu na kusuguliwa hadi ving'ae. Vikichomwa penye hewa ya kutosha hutoka na wekundu wa chungwa. Vikirudishwa motoni na kunyimwa hewa, moshi ukavizingira, huwa vyeusi. Weusi ule haupakwi kwa brashi, na chombo kisichomridhisha huweza kurudi motoni tena.

Nimefundisha darasa la kipaimara kwa miaka mingi, na nakiri kwamba ni vigumu kwangu kuketi mbele ya mtu mwenye elimu ndogo kuliko yangu nikamwambia, nionyeshe. Hata kwaya ikinirekebisha sauti nanuna.

Mfinyanzi wa Yeremia hatajwi jina, wala hatuambiwi kwamba alimwambia nabii neno lolote. Alikuwa akifanya kazi yake tu. Yeremia alisimama akatazama, chombo kikaharibika, kikafinyangwa tena kuwa kingine, na ni katika aya ya tano tu, baada ya hayo yote, ndipo neno la Bwana lilipomjia.