Nilivyowachunguza madaktari wawili kabla ya goti la Mjomba kupasuliwa

Mjomba wangu ana magoti ya mtu aliyefanya kazi. Alibeba mizigo kwenye maghala, kisha akaendesha teksi hapa Columbus, Ohio, mpaka alipofikisha umri wa Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, akaegesha gari. Goti la kulia lilikuwa la kwanza kugoma. Sindano zikaacha kumsaidia, na daktari wake wa kawaida akamwandikia majina ya mabingwa wawili wa mifupa, akasema wote wazuri, achague mwenyewe. Achague kwa lipi? Mjomba akanisukumia ile karatasi: "Mwanangu, wewe ndiye wa kompyuta. Nitazamie hawa ni watu wa namna gani."

Nilianza na nyota na maoni ya wagonjwa, kama kila mtu. Nusu ya waliolalamika walikuwa wanalalamikia maegesho na watu wa mapokezi. Nikaachana nayo. Kwetu ukitafuta seremala huangalii tabasamu lake. Unakwenda kutazama milango aliyokwisha kutundika, na ukisikia mwenye duka la mbao anamsifu sana, unauliza kama wana ubia. Basi nikawa na maswali mawili. Daktari huyu hubadilisha magoti mangapi kwa mwaka? Na zaidi ya wagonjwa na bima zao, nani mwingine anamlipa? Kwa Marekani maswali yote mawili yana majibu ambayo serikali kuu imeyaweka hadharani, bure, bila hata kujiandikisha. Wengi wetu tunaoishi huku hatujui, na madaktari wanaotuelekeza hawatuambii.

Kwanza unahitaji namba. Kila daktari anayedai malipo kwenye bima huku ana namba ya utambulisho ya tarakimu kumi, NPI, na rejesta yake iko wazi kwa yeyote. Usitafute kwa jina peke yake. Mmoja wa mabingwa wetu ana jina ambalo wenzake wamejaa nchi nzima, akiwemo daktari wa meno. Nilichuja kwa jimbo, mji na fani mpaka nikabaki na mtu mmoja, nikainakili ile namba, na kuanzia hapo sikuandika tena jina lake popote.

Jibu la swali la kwanza liko kwenye takwimu za huduma za Medicare, zinazotolewa na CMS, idara inayoendesha bima hiyo. Zilichelewa sana kutoka. Mwaka 1979 mahakama ya shirikisho huko Florida ilizuia serikali isitangaze kila daktari analipwa kiasi gani na Medicare, ikisema ni faragha ya daktari. Zuio hilo lilidumu mpaka 2013, lilipoondolewa baada ya Dow Jones, kampuni inayochapisha Wall Street Journal, kwenda mahakamani. Tarehe 9 Aprili 2014 jedwali la kwanza likatoka: watoa huduma zaidi ya 880,000 na malipo ya dola bilioni 77 ya mwaka 2012. Tangu hapo kila mwaka linaongezwa jingine, ingawa hukawia karibu miaka miwili nyuma ya mwaka tulionao.

Nikaingiza namba ya daktari wa kwanza. Kila huduma ina mstari wake, na kila mstari unaanza na msimbo. Msimbo 27447 ndio kubadilisha goti zima. 27130 ni nyonga, 20610 ni sindano ya kwenye kiungo kikubwa, 99213 na 99214 ni kuonana na mgonjwa kliniki. Bila kujua hiyo misimbo utaishia kushangaa namba tu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa 27447. Safu ya mahali ilikuwa na herufi F, maana yake hospitali au kituo cha upasuaji. Safu ya wagonjwa ilikuwa na idadi iliyopita mia kidogo, na safu ya huduma ikawa kubwa zaidi yake. Mjomba, aliyekuwa ameegemea bega langu, akauliza inakuwaje magoti yawazidi watu. Nikamwambia kuna waliofanyiwa yote mawili mwaka huohuo. Akatazama goti lake la kushoto, hakusema kitu.

Kisha safu za fedha, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Kuna kiasi daktari alichodai, kiasi Medicare inachokikubali, na kiasi Medicare ilicholipa. Kwa goti zima daktari anaweza kudai maelfu ya dola. Kiasi kinachokubaliwa kwa kazi ya daktari mwenyewe ni kama dola elfu moja na ushei, na ndani yake zimo ziara za kumwangalia mgonjwa kwa siku 90 baada ya upasuaji. Hospitali, daktari wa usingizi na goti lenyewe la bandia havimo kwenye mstari huo. Kwa hiyo ukisoma gazetini kwamba daktari fulani "aliitoza Medicare mamilioni", tafuta kwanza ni safu ipi wameisoma. Kile alichodai ni namba ya hewani. Mgonjwa mwenye Medicare ya kawaida huchangia asilimia 20 ya kile kilichokubaliwa, akishamaliza kiwango cha mwaka anachotakiwa kulipa mwenyewe kwanza. Mjomba alipolielewa hilo alishusha pumzi kuliko nilipomwonyesha yale magoti mia.

Daktari wa pili alinichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu hakuwa na mstari wa 27447 kabisa. Alikuwa na sindano nyingi, ziara nyingi za kliniki, na goti hakuna. Mtu mwenye haraka angefunga kompyuta na kumkata palepale. Lakini CMS haionyeshi mstari wowote wenye wagonjwa kumi au chini ya hapo, ili mgonjwa asije akatambulika. Kwa hiyo "hakuna" inaweza kuwa sifuri, inaweza kuwa kumi. Na kuna pengo kubwa kuliko hilo. Jedwali hili linahesabu wenye Medicare ya kawaida tu, ile ambayo serikali inalipa yenyewe kwa kila huduma. Wazee walio kwenye Medicare Advantage, mipango inayoendeshwa na kampuni binafsi, hawamo. Siku hizi hao ni zaidi ya nusu ya wenye Medicare. Wagonjwa wa miaka 55 wenye bima ya kazini nao hawamo. Daktari anayepokea zaidi watu wa Advantage ataonekana humu kama hana kazi, kumbe anashinda chumba cha upasuaji wiki nzima.

Kwa hiyo namba ya jedwali hili naisoma kama sakafu. Ikisema mia, najua hazipungui mia. Ikinyamaza, sijui, nauliza. Nilipiga simu kwenye kliniki ya yule wa pili, nikauliza kwa adabu kwa mwaka anabadilisha magoti mangapi. Dada aliyepokea hakushtuka hata kidogo, akaniambia nisubiri, akarudi na jibu: daktari anashughulika zaidi na mabega, magoti ni machache. Jibu la kweli na la heshima, likatuondolea kazi. Tafiti za miaka mingi zinaonyesha kwamba wanaofanya upasuaji huu mara nyingi kwa kawaida huwa na matatizo machache, na Mjomba hakuwa tayari kuwa goti la mazoezi.

Akabaki wa kwanza, na swali la nani anamlipa.

Hili lina jedwali lake peke yake, Open Payments. Lilizaliwa na kifungu ndani ya sheria ya afya ya mwaka 2010 kilichopiganiwa na maseneta Chuck Grassley wa Iowa na Herb Kohl wa Wisconsin. Kinazilazimisha kampuni za dawa na vifaa tiba kutangaza karibu kila kitu zinachompa daktari. Taarifa za kwanza zilitoka tarehe 30 Septemba 2014, na mpya hutoka kila mwaka ifikapo tarehe 30 Juni, zikihusu mwaka uliotangulia. Fani ya mifupa ina historia yake hapa. Mwaka 2007 kampuni nne kubwa za viungo bandia zililipa jumla ya dola milioni 311 kumaliza madai ya serikali kwamba ziliwahonga madaktari kwa mikataba ya ushauri ili watumie bidhaa zao. Na watafiti waliojumlisha malipo ya 2013 hadi 2022 walikuta madaktari wa Marekani wamepokea dola bilioni 12.13 kutoka kampuni hizi, na wa mifupa ndio waliongoza kwa kupata bilioni 1.36.

Nilitegemea ama sifuri, ama kashfa. Nikakuta orodha ndefu ya chakula. Tarehe, jina la kampuni, aina ya malipo, kiasi, na bidhaa iliyokuwa ikizungumziwa siku hiyo. Dola 17 na senti zake. Dola 21. Dola 14. Hivi ni vyakula vya mchana ambavyo mawakala wa mauzo hupeleka kliniki, wafanyakazi wakala, na gharama ikagawanywa kwa waliokuwepo. Mjomba akacheka: "Dola kumi na saba? Huyo hata sahani ya biriani hajalipwa!" Nilicheka naye, ila sikubaliani naye moja kwa moja. Kuna utafiti wa mwaka 2016 uliokuta kwamba madaktari waliopokea hata mlo mmoja wa bei chini ya dola 20 walielekea kuandika zaidi dawa ya kampuni iliyowalisha. Haukuthibitisha kwamba mlo ndio uliosababisha, lakini kampuni hazilishi watu kwa thawabu.

Chini ya milo kulikuwa na kitu kingine, kiasi kikubwa kinachojirudia kutoka kampuni moja ya viungo bandia. Mrabaha. Hapa ndipo nikajifunza kwamba jumla ile kubwa inayoandikwa juu ya ukurasa haina maana mpaka uivunje kwa aina. Mrabaha hulipwa mtu aliyeshiriki kubuni kifaa. Ada ya ushauri ni ya ushauri, na ndiyo ninayoitilia shaka zaidi, maana ushauri wenyewe hatuuoni. Ada ya kuhutubia huwa ni ya kuwauzia madaktari wenzake bidhaa kwa maneno matamu. Fedha za utafiti zina sehemu yake tofauti, na mara nyingi huenda hospitalini au chuoni huku jina la daktari likiandikwa kwa kuwa ndiye kiongozi wa utafiti. Ukizichanganya na nyingine unamwonea. Hisa na umiliki vina sehemu ya tatu, na kwake ilikuwa tupu. Kumbuka pia kwamba kabla ya kutangazwa, madaktari hupewa siku 45 za kukagua na kupinga, kwa hiyo malipo makubwa yakionekana miaka mitatu mfululizo, kuyaita makosa ya karani ni vigumu.

Sikuona kosa lolote kwa mtu kulipwa kwa alichokibuni. Nilichotaka kujua ni kama goti litakalowekwa kwa Mjomba ni lile linalomlipa. Nikaliandika swali kwenye simu, maana chumba cha daktari kina namna yake ya kukusahaulisha.

Siku ya miadi nilikwenda na Mjomba. Daktari akaeleza picha za eksirei vizuri, mfupa unasaga mfupa, wazi kabisa. Aliposema "mna swali?" nikamwambia tumeona kwenye takwimu za serikali kwamba kampuni fulani humlipa mrabaha, na tungependa kujua kama atatumia goti lao. Mjomba alinibana kiwiko. Kwetu daktari hasailiwi hivyo.

Hakukasirika. Alisema ndiyo, wagonjwa wake wengi huwawekea goti la kampuni hiyo kwa kuwa amelizoea, na alishiriki kubuni baadhi ya vifaa vya kulipachika. Akaongeza kuwa mkataba wake haumlipi mrabaha kwa yanayotumika hospitali anayofanyia kazi. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: kama tunataka goti la kampuni nyingine analo analolimudu pia, tumwambie tu. Nikamuuliza wagonjwa wake wa Advantage ni wangapi, akasema karibu sawa na wale wa Medicare ya kawaida, maana yake ile mia ilikuwa nusu ya kazi yake kwa wazee. Nikauliza na maambukizi, akatupa kiwango chake. Hilo majedwali haya mawili hayalisemi kabisa. Yanahesabu kazi na fedha, hayasemi nani alipona. Kiwango cha matatizo baada ya kubadilishwa goti na nyonga hutangazwa na Medicare kwa hospitali nzima, kwenye tovuti yake ya Care Compare, na hospitali yake nilikwisha kuiangalia usiku uliotangulia. Haikuwa mbaya.

Kwenye lifti Mjomba akanigeukia: "Umemwuliza mtu mzima mshahara wake mbele yangu." Nikamjibu kwamba mshahara ulikwisha kutangazwa na serikali, mimi niliuliza goti. Alinyamaza mpaka garini, halafu akasema anamtaka daktari huyo, kwa kuwa hakuyumba macho alipoulizwa. Sababu yake haikutoka kwenye jedwali lolote, lakini goti ni lake.

Alipasuliwa, akafanya mazoezi huku akinung'unika, na sasa anapanda ngazi za msikitini bila kushika ukuta. Barua ya Medicare ilipokuja na maelezo ya malipo, aliisoma mwenyewe, kidole kikishuka safu kwa safu: kilichodaiwa, kilichokubaliwa, kilicholipwa. Sasa goti la kushoto nalo limeanza. Daktari ni yuleyule, lakini Mjomba ameniambia tusiweke miadi mpaka mwisho wa Juni upite, tuone kwanza wamemlisha nini mwaka jana.