Gawa kwa kazi, si kwa ombi: lango la modeli kwa msaidizi wa kuandika programu

Wengi wanaoweka lango (programu inayopokea maombi na kuyagawa kwa modeli) kati ya msaidizi wa kodi, yaani msaidizi wa kuandika msimbo wa programu kama Claude Code, na modeli za lugha huanza na wazo moja: ombi jepesi liende kwa modeli ya bei nafuu, gumu liende kwa ile ghali. Shida ni kwamba ukifanya hivyo ombi kwa ombi, ndani ya mazungumzo yaleyale, bili inapanda.

Tupige hesabu. Tuseme mazungumzo yamefika tokeni 80,000 (tokeni ni kipande cha neno kinachosomwa na modeli), na modeli kubwa inatoza dola 3 kwa kila tokeni milioni zinazoingia. Kwa Anthropic, kampuni ya modeli za Claude, kilichokwisha kuwekwa kwenye kache (hifadhi ya muda ya yale modeli iliyokwisha kusoma) husomwa kwa asilimia 10 ya bei, hivyo kusoma historia yote hiyo ni senti 2.4 za dola. Lipeleke ombi hilohilo kwa modeli ya dola 1: kache haihamii huko, tokeni zote 80,000 zinasomwa upya, senti 8. Hiyo ni zaidi ya mara tatu. Na ukikaa huko zaidi ya dakika 5, kache ya kawaida ya kule ulikotoka imeshaisha muda wake. Kurudi ni kuiandika upya kwa asilimia 125 ya bei, yaani senti 30.

Kwa hiyo kazi moja, modeli moja mpaka mwisho. Kazi ikibadilika, fungua mazungumzo mapya. Cha kupeleka kwa modeli ndogo ni yale yasiyobeba historia: kutunga vichwa vya mazungumzo, kwa mfano, ambayo Claude Code huyatuma kimyakimya kwa modeli yake ndogo.

Kwa LiteLLM, programu ya lango, faili la mipangilio linatosha hivi (jongeza mistari kwa nafasi, kamwe usitumie tabu, YAML itakataa):

```
model_list:
  - model_name: kazi-kubwa
    litellm_params:
      model: anthropic/JINA-LA-MODELI
      api_key: os.environ/ANTHROPIC_API_KEY
  - model_name: kazi-ndogo
    litellm_params:
      model: ollama_chat/qwen2.5-coder:7b
      api_base: http://localhost:11434
```

Washa kwa `litellm --config config.yaml`, lango litasikiliza kwenye poti 4000. Kwenye terminali ya msaidizi weka `ANTHROPIC_BASE_URL=http://localhost:4000`, `ANTHROPIC_MODEL=kazi-kubwa` na `ANTHROPIC_DEFAULT_HAIKU_MODEL=kazi-ndogo`. Kama lango lina ufunguo wake, uweke kwenye `ANTHROPIC_AUTH_TOKEN`. Ufunguo halisi wa modeli unabaki upande wa lango tu.

Modeli ndogo hapa inaendeshwa na Ollama, programu ya kuendesha modeli kwenye mashine yako. Andika `ollama_chat/`, usiandike `ollama/`. Njia ya pili hupitia mlango wa zamani wa kukamilisha maandishi, na hapo wito wa zana (modeli inapoomba zana, kama ile ya kuhariri faili) huvurugika. Dalili yake ni rahisi kuitambua: badala ya faili kuhaririwa, skrini inajaa mabano ya JSON yenye jina la zana na njia ya faili, na hakuna kilichobadilika kwenye diski. Modeli ndogo zinaweza kukosea hivyo hata kwenye njia sahihi, ndiyo maana sizipendekezi kwa kuhariri kodi.

Kosa linalopoteza watu muda mwingi zaidi ni dirisha la muktadha la Ollama, yaani kiasi cha tokeni ambacho modeli inaweza kuona kwa mara moja. Kwenye mashine yenye kadi ndogo ya picha, kawaida yake ni tokeni 4,096, ilhali maelekezo ya msaidizi pamoja na maelezo ya zana huvuka 10,000 kabla hujaandika neno. Ollama haitoi kosa lolote, inakata tu. Utaona modeli ikijibu kana kwamba haijawahi kuambiwa ina zana. Weka `OLLAMA_CONTEXT_LENGTH=32768` kabla ya `ollama serve`, kisha endesha `ollama ps` modeli ikiwa imepakiwa. Tazama safu ya PROCESSOR: ikionyesha sehemu imeangukia CPU, muktadha umezidi kumbukumbu ya kadi na majibu yatakokota. Punguza hadi 16384, ujaribu tena.

Kuhusu modeli ya akiba, ile ya kukimbilia ya kwanza ikishindwa: kosa 429 (umevuka kiwango cha maombi) au 529 (seva zimeelemewa) kwa kawaida ni la muda, kwa hiyo subiri na ujaribu tena mara mbili tatu kabla ya kuhama, maana kuhama ndiko kunakotupa kache. Ukilazimika, hamia modeli yenye dirisha lisilopungua la kwanza. Akiba ya tokeni 32,000 haiwezi kupokea mazungumzo ya 80,000. Italikataa ombi au italikata, na kukata ni kubaya zaidi kwa sababu kazi itaendelea huku nusu ya faili zilizosomwa zimesahaulika.